Fukuto la umri wa miaka 51 na unga wa kwenye matatu

"Daktari, habari ya kazi. Nina miaka 51, nauza mitumba Gikomba. Hedhi yangu ilikoma mwezi wa nne mwaka jana. Tangu hapo napandwa na joto ghafla, uso na kifua vinawaka, jasho linanitiririka mbele ya wateja hata asubuhi hizi za baridi ya Julai. Usiku naamka mara tatu kubadilisha leso. Juzi kwenye matatu nilinunua unga wa mizizi kumi na miwili kwa shilingi 1,500. Muuzaji alisema unarudisha homoni. Sijauonja bado. Dada yangu wa Mombasa ananiambia nichemshe uwatu, na rafiki yangu wa kanisani ameagiza kwa simu vidonge vya kohoshi nyeusi, anasema vimemfaa. Mimi hunywa dawa ya presha, amlodipine, na nyingine ya kunikojoza asubuhi. Ni mitishamba gani itanifaa, na je, naweza kuichanganya na dawa za presha? Homoni sitaki, nasikia zinaleta kansa. Mama wa Umoja."

Mama, pole kwa usiku wa namna hiyo. Nianze na unga, kwa kuwa uko kabatini mwako tayari na ndio wenye hatari ya karibu. Umefanya vyema kutouonja. Usiuonje.

Sikukatazi kwa sababu ni wa miti. Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Nairobi kwa zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kuidharau miti. Hata tembe ya metformin anayoimeza jirani yako mwenye kisukari, asili yake ya kikemia inaanzia kwenye mmea wa Ulaya uitwao galega. Ninachokikataa ni mkebe usiosema ndani mna nini. Mizizi kumi na miwili ni ya miti gani? Kila mmoja umetiwa kiasi gani? Imekaushwa wapi, juu ya nini? Yule kijana aliyeshuka Muthurwa na kupanda gari jingine hawezi kukujibu, na siku utakayovimba miguu hutampata.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa dukani tunalijua na wateja wengi hawalijui. Unga unaoitwa wa miti mara nyingine huwa umechanganywa na tembe za hospitali zilizosagwa, hasa za jamii ya steroidi kama prednisolone na dexamethasone, au dawa kali za maumivu. Steroidi humfanya mtu ajione mzima ndani ya siku mbili tatu: maumivu yanatulia, hamu ya chakula inarudi, mwili unachangamka. Mteja anarudi kununua mkebe wa pili na kumletea muuzaji majirani. Wiki zinavyopita uso unaanza kuwa wa duara, sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inapungua nguvu kimyakimya. Wewe tayari una presha, na uko katika umri ambao mifupa inapoteza madini yake kwa kasi. Sioni ulichoweza kununua kwa 1,500 kikakudhuru zaidi ya hicho.

Hapa niseme na msomaji mwingine ambaye ameshaunywa unga wa aina hii kwa wiki tatu au zaidi na anajisikia vizuri kupita kiasi: usiache ghafla kwa sababu umesoma maneno yangu. Mwili uliozoea steroidi ukinyimwa siku moja unaweza kulegea mpaka mtu akazimia. Beba unga wako uende nao hospitalini, useme ukweli wote.

Sasa hilo neno "unarudisha homoni". Ndilo linalouza, na halina msingi. Hedhi hukoma kwa sababu mayai kwenye ovari yamekwisha, na ovari ndizo zilizokuwa zikitengeneza estrojeni, homoni ya kike, kwa wingi. Hakuna mzizi unaozaa mayai mapya. Hata ile hadithi ya viazi vikuu vya porini, ambavyo krimu zake huuzwa mitandaoni kama "homoni ya asili", ilizaliwa na kutoelewa. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1940 mkemia Mmarekani, Russell Marker, alitengeneza homoni ya projesteroni kutokana na viazi vya namna hiyo kule Meksiko. Lakini aliitengeneza kwenye maabara, kwa hatua kadhaa za kikemia ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzifanya. Ukila kiazi, unapata kiazi.

Joto lenyewe la ghafla, ndilo tunaloliita fukuto, linatoka wapi basi? Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu iitwayo haipothalamasi, ambayo kazi yake mojawapo ni kulinda joto la mwili. Estrojeni ilikuwa ikizituliza seli fulani za hapo. Ikipungua, seli hizo zinakuwa kama mlinzi mpya wa usiku anayepuliza filimbi kila paka akipita. Mwanamke asiyesumbuliwa na fukuto, joto lake la ndani linaweza kupanda au kushuka kidogo, kama nusu digrii hivi, na ubongo usishtuke. Kwa anayesumbuliwa, nafasi hiyo inakuwa finyu mno. Kikombe cha chai ya moto, matatu iliyofungwa madirisha, mteja anayekushusha bei mpaka unakasirika: vitu vidogo kama hivyo vinatosha ubongo kudhani unaungua. Unafungua mishipa ya ngozi, unamwaga jasho, dakika chache baadaye umepoa kupita kiasi na unatetemeka. Ndiyo maana hata baridi ya Julai haikuokoi. Tatizo haliko kwenye hali ya hewa ya Gikomba, liko kwenye kipimo cha joto kilichomo ubongoni.

Na halipiti haraka. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi, matokeo yake yakatolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kwa kawaida joto hili hudumu miaka 7 na ushei, na kwa wanawake Weusi wa huko hudumu hadi miaka 10. Ninakueleza hivyo kwa sababu nimewasikia wanawake wengi wakiambiwa "vumilia, litapita." Miaka saba ya kutolala si jambo la kumwambia mtu avumilie.

Tuje kwa mitishamba yenyewe. Kabla ya kuitaja mmoja mmoja, nikueleze kwa nini kila mmoja una mashahidi wake, na mashahidi hao hawasemi uongo. Katika majaribio ya dawa za fukuto, kundi moja hupewa dawa na jingine hupewa tembe bandia isiyo na kitu, bila wao kujua nani kapewa nini. Mapitio ya mwaka 2004 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio ya namna hiyo, yakakuta kwamba waliomeza tembe bandia tu, joto lao lilipungua kwa takriban asilimia 58. Zaidi ya nusu, bila dawa yoyote! Sababu ni kwamba joto lina siku zake mbaya na siku zake nzuri, mtu hutafuta dawa siku zikiwa mbaya kabisa, na kule kutunzwa na kutumaini kunamtuliza. Kwa hiyo rafiki yako wa kanisani akisema vidonge vimemfaa, mwamini kwamba amepata nafuu. Kama nafuu imetoka kwenye kidonge, hilo ni swali lingine.

Mfano ninaoupenda ni wa mbegu za kitani, zile ndogo za kahawia zinazong'aa ambazo siku hizi zimejaa rafuni kwenye supamaketi kando ya chia. Mwaka 2007 watafiti wa Kliniki ya Mayo huko Marekani waliwapa wanawake wapatao 30 gramu 40 za kitani kila siku kwa wiki sita. Joto likapungua kwa nusu. Habari ikasambaa dunia nzima. Watafiti haohao, kwa uaminifu wao, wakarudia na wanawake 188, safari hii nusu wakipewa kipande cha kitafunio chenye kitani na nusu kipande kinachofanana nacho kisicho na kitani. Matokeo yalipotoka mwaka 2011, makundi yote mawili yalikuwa sawa: katika kila kundi, zaidi kidogo ya theluthi moja ya wanawake waliona joto likipungua kwa nusu. Kitani ni chakula kizuri kwa tumbo lililofunga. Kwa fukuto, hapana. Lakini ile habari ya 2007 bado inazunguka kwenye WhatsApp, na ile ya 2011 haikuwahi kupanda hata boda.

Soya ina hoja yenye uzito zaidi. Ndani yake mna viasili vinavyoitwa isoflavoni, ambavyo umbo lake linakaribia lile la estrojeni kiasi cha kuweza kushika pale estrojeni inaposhika, ingawa kwa nguvu ndogo sana. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha mapitio ya tafiti 62 zenye wanawake zaidi ya 6,600, yakaona kwamba mimea ya jinsi hii ilipunguza kidogo idadi ya mafukuto ya mchana na ukavu ukeni, lakini jasho la usiku halikupungua. Kidogo, nasisitiza. Sehemu ya fumbo ni bakteria wa tumboni: watu fulani wana wale wanaoigeuza isoflavoni kuwa kitu chenye nguvu zaidi kiitwacho ekwoli, na wengine hawana. Huko Asia wenye bakteria hao ni karibu nusu ya watu au zaidi, nchi za Magharibi ni kama theluthi moja. Hivyo soya ileile inaweza kumfaa mama mmoja na isimfanye lolote shemeji yake waliopika naye sufuria moja.

Kama unapenda soya, ile ya unga wanayokunywa watu badala ya majani ya chai, au vipande vya kupika kama nyama, kula. Haigombani na amlodipine. Ipe wiki kumi na mbili. Usipoona tofauti, endelea kuila kwa ladha au uiache. Ninachokataa ni vidonge vya isoflavoni iliyokolezwa kwa mtu aliyewahi kuugua kansa ya matiti, mpaka daktari wake wa kansa aseme. Na anayemeza levothyroxine kwa ajili ya tezi ya shingo aipishanishe na soya kwa saa nne, kwa sababu soya huizuia dawa hiyo isiingie mwilini vizuri.

Uwatu wa dada yako. Pwani uji wa uwatu ni wa mzazi, ili maziwa yatoke, na nadhani ndiko wazo lilikotoka: kitu cha wanawake, basi kitafaa mambo yote ya wanawake. Yapo majaribio madogo ya dondoo ya uwatu kwa fukuto, lakini ni madogo mno kwangu kukuambia utoe pesa. Kama kiungo cha mchuzi au kikombe cha uji, kwako hakina neno. Ungekuwa na kisukari na unatumia glibenclamide au insulini, ningesema pole pole, maana uwatu kwa wingi hushusha sukari, na sukari ikishuka kupita kiasi mtu hutokwa jasho, moyo hudunda, hutetemeka. Nimeshamwona mama aliyedhani hayo ni mafukuto yamezidi, akaongeza uwatu. Na ukiona jasho lako linanuka utamu kama sharubati, usishtuke, ni uwatu huo.

Kohoshi nyeusi ndiyo yenye jina kubwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Ni mmea wa misitu ya mashariki ya Amerika Kaskazini, kitaalamu Actaea racemosa, na wenyeji wa asili wa kule waliitumia mizizi yake kabla Wazungu hawajafika. Ujerumani vidonge vyake vinauzwa tangu miaka ya 1950. Ungetarajia kwamba kitu kilichouzwa muda wote huo kina ushahidi wa kutosha. Cochrane ilipokusanya majaribio 16 mwaka 2012, yenye wanawake zaidi ya 2,000, haikupata ushahidi wa kutosha kwamba inashinda tembe bandia. Jaribio ninaloliheshimu zaidi lilifanyika jimbo la Washington, likachapishwa mwaka 2006: wanawake 351 waligawanywa makundi matano kwa mwaka mzima. Wengine walipewa kohoshi peke yake, wengine mchanganyiko wa mimea kadhaa yenye kohoshi ndani, wengine mchanganyiko huo pamoja na kuhimizwa kula soya, wengine homoni, wengine tembe bandia. Homoni ilipunguza joto waziwazi. Makundi ya mimea hayakuachana na tembe bandia.

Halafu kuna ini. Kesi za watu walioumia ini baada ya kutumia kohoshi ni chache lakini zipo, na Uingereza iliamuru onyo liwekwe kwenye pakiti tangu mwaka 2006. Tena hujui kama ulichonunua ni kohoshi kweli: mwaka 2012 watafiti walipima vinasaba vya bidhaa 36 zilizoandikwa kohoshi nyeusi, wakakuta robo yake ni mimea mingine ya ukoo huohuo kutoka Asia. Hayo ni maduka ya Marekani. Pakiti iliyoagizwa kwa simu na kuletwa na boda mpaka geti la kanisa, nani ameipima? Mwambie rafiki yako hivi: kama anaendelea, asizidishe miezi sita, asiichanganye na pombe, na siku macho yakigeuka manjano au mkojo ukawa mweusi kama kokakola, aache saa hiyohiyo na aende kupimwa ini.

Mafuta ya primrozi: yalijaribiwa mwaka 1994, hayakushinda bandia. Dong quai ya Wachina: ilijaribiwa 1997, vilevile, na inagombana na warfarin ya kuzuia damu kuganda. Mlonge una madini na vitamini zake, ni mboga, kwa joto hausaidii. Mwarobaini hata usianze. Mukombero wa Magharibi unaouzwa pale barabarani ni wa mambo mengine, na wauzaji wenyewe hawafichi.

Miwili nataka niikazie. Wa kwanza ni susu, ule mzizi mtamu unaowekwa kwenye michanganyiko mingi ya "chai ya wanawake" kwa ajili ya ladha. Susu hulifanya figo lishike chumvi na kumwaga potasiamu. Wewe una presha, na ile dawa yako ya kukukojoza asubuhi nayo kwa kawaida humwaga potasiamu. Ukijumlisha, presha inakataa kushuka, misuli inalegea, na moyo unaweza kupoteza mdundo wake. Soma pakiti ya chai yoyote ya mimea kabla ya kuinunua. Ukiliona jina Glycyrrhiza, rudisha rafuni.

Wa pili ni ua la Mtakatifu Yohana, Hypericum perforatum kwa kitaalamu, linalouzwa kwa huzuni na kukosa usingizi, na hutiwa pia kwenye vidonge vya kukoma hedhi. Hili si la mchezo. Huliamrisha ini livunje dawa nyingine haraka kuliko kawaida, kwa hiyo dawa unayoitegemea inapungua damuni bila wewe kujua. Linapunguza dawa za presha za jamii ya amlodipine, vidonge vya kupanga uzazi, warfarin, dawa za kifafa. Na linapunguza ARV, pamoja na dolutegravir, ambayo ndiyo nguzo ya tembe moja ya siku wanayopewa wengi hapa Kenya. Wapo akina mama wengi wa miaka hamsini wanaokunywa ARV na hawakuwahi kumwambia muuza mitishamba, wala hawatamwambia. Basi nimesema kwa ajili yao hapa.

Sasa nikuulize jambo ambalo muuzaji wa matatu hakukuuliza. Amlodipine ulianza lini? Dawa hiyo hupanua mishipa ya damu, na kwa watu wengine huleta uso kuwaka, pamoja na vifundo vya miguu kuvimba. Kama joto lilianza au kuzidi wiki chache baada ya kuanzishiwa dawa, au ulipoongezewa nguvu, huenda sehemu ya fukuto lako ni ya tembe na si ya umri. Usiiache. Presha ikiachwa bila dawa hubomoa mtu kuliko jasho. Mweleze daktari anayekuandikia, zipo dawa nyingine za presha zisizofanya hivyo.

Na jasho la usiku, Nairobi hii, tusilitupie ukomo wa hedhi kwa macho yaliyofumba. Kama unakohoa kwa wiki mbili, au umepungua uzito bila kukusudia, au una homa za jioni, nenda upimwe kifua kikuu kwanza; vituo vya afya vya serikali hupima makohozi bila malipo. Kama mikono inatetemeka na moyo unakimbia hata ukiwa umeketi, ni vyema tezi ya shingo ipimwe. Na kwa kuwa umepita miezi kumi na miwili bila hedhi, tone lolote la damu kuanzia sasa, hata la kupaka tu kwenye chupi, si hedhi iliyorudi. Ni sababu ya kwenda kuchunguzwa mji wa mimba na mlango wake wiki hiyohiyo. Hasa usifurahi damu ikitoka baada ya kunywa "dawa ya kurudisha homoni".

Umesema homoni hutaki. Ni haki yako, ila ukatae ukijua unachokikataa. Hofu hiyo ilianza Julai 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uliposimamishwa kabla ya wakati. Wanawake waliohusika walikuwa na wastani wa miaka 63, wengi hedhi ilikoma zamani, na waliotumia estrojeni pamoja na projestini, yaani homoni ya kutengenezwa inayofanya kazi kama projesteroni, walipata kansa ya matiti zaidi: kama wanawake 8 zaidi katika kila 10,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo namba iliyokuwa nyuma ya vichwa vya habari. Leo wataalamu wanaafikiana kwamba kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu hedhi ikome, na asiye na historia ya kansa ya matiti, damu kuganda, kiharusi au ugonjwa wa moyo, faida kwa kawaida huzidi hatari. Presha iliyodhibitiwa haikufungii mlango, na homoni ya kubandika kwenye ngozi haina hatari ya kugandisha damu kama ile ya kumeza. Kwa kupunguza joto hakuna kinachoikaribia: Cochrane ileile ya 2004 ilikuta inapunguza mafukuto kwa asilimia 75 zaidi ya tembe bandia. Mwenye mji wa mimba lazima apewe estrojeni pamoja na projesteroni, kamwe si estrojeni peke yake.

Ukishasikia hayo na bado hutaki, hakuna atakayekulazimisha. Mwaka 2023 jumuiya ya wataalamu wa Marekani iitwayo The Menopause Society ilipitia njia zote zisizo za homoni. Mitishamba haikuipendekeza, soya haikuipendekeza, hata mazoezi haikuyapendekeza kwa ajili ya joto, ingawa kwa moyo na mifupa ni lazima. Ilichokipendekeza ni pamoja na gabapentin, ambayo ikimezwa jioni huleta usingizi na kumfaa hasa anayelowa usiku. Dawa fulani za huzuni kwa kipimo kidogo. Oxybutynin ya kibofu. Kupunguza uzito kwa aliyezidi. Na tiba ya mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia. Kwenye hizo dawa za huzuni, venlafaxine inaweza kukupandishia presha, kwa hiyo mkumbushe daktari. Gabapentin ni dawa inayopatikana kwenye maduka ya dawa hapa mjini kwa karatasi ya daktari. Ingekuwa mimi mwenye presha yako na usiku wako, hapo ndipo ningeanzia.

Hukuuliza kuhusu ukavu ukeni, na wengi hawaulizi, kwa hiyo nitasema haraka. Kilainishi cha maji cha kemisti kinatosha kwa tendo la ndoa. Ukavu ukizidi, krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni hufanya kazi palepale na kidogo sana huingia mwilini. Shabu, ndimu, asali, mvuke wa majani: hapana, vyote vinachubua ngozi ambayo tayari imekuwa nyembamba.

Mambo ya bure unaweza kuyafanya, ingawa hayajathibitishwa sana. Vaa tabaka mbili nyepesi badala ya sweta moja nene, ili uweze kuvua ukiwa kibandani. Chai iache ipoe. Weka kibuyu cha maji baridi karibu na godoro. Omena na sukuma usiache, maana omena unaitafuna na mifupa yake na wewe mifupa yako inahitaji kalisi hiyo.

Kwa wiki mbili zijazo andika kwenye daftari la mauzo, ukurasa wa nyuma: mafukuto mangapi mchana, mangapi usiku, na saa uliyomeza amlodipine. Siku ya kliniki ya presha nenda na daftari hilo. Kama huko hawana muda wa kusikiliza habari za hedhi, omba barua ya kumwona daktari wa wanawake. Na ule mkebe wa unga usiutupe kwenye taka za mtaa ambako mtoto atauokota. Ufunge kwenye mfuko, uupeleke kwa mfamasia yeyote aliyesajiliwa, umwombe auripoti kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Ile 1,500 haitarudi, Mama.